Nyuma ya Pikapu ya Baba Mdogo

Mume wangu hunitania kwamba naendesha gari kama mtu aliye kwenye msafara wa mazishi. Barabarani huacha nafasi kubwa kati yangu na gari la mbele, nafasi ambayo basi zima linaweza kuingia, na mara nyingi huingia kweli, abiria wakinitazama dirishani na kucheka. Sijawahi kumweleza vizuri sababu yake. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka sokoni, mbele yetu kukawa na lori la ndizi. Zile za chini zilikuwa zimeiva na kuanza kupondeka, na utamu wake ukawa unaingia dirishani pamoja na moshi wa dizeli. Nikaegesha pembeni. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina njaa, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukaendelea na safari.

Harufu ile ni ya Kanazi, kule Bukoba nilikolelewa, na ya miezi michache ya utoto wangu ambayo niliipitisha nikiwa na hofu kila siku ya wiki, na zaidi siku za Jumamosi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, naishi kwa baba mdogo Elieza, mdogo wake marehemu baba yangu. Baba alipofariki, mama alikaa pale mwaka mmoja na kidogo, kisha akarudi kwao Kimwani, kule mwisho wa Muleba, na baadaye akaolewa huko. Siku aliyoondoka nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage. Nilimsikia akimwambia mama mdogo, mke wa baba mdogo, "Namwacha kwenu kwa muda, mpaka nitulie." Akaja akanishika kichwa, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimsubiri. Ule muda ulikuwa umefika miaka mitatu. Katika miaka hiyo alikuja mara mbili, na mara zote mbili aliondoka kabla sijarudi kutoka shuleni, kwa sababu magari ya kwao huwahi. Kwa hiyo neno kuacha halikuwa neno dogo kwangu. Mwenzangu darasani akisema ameacha daftari nyumbani, nilishtuka, halafu nikajionea aibu.

Baba mdogo alikuwa mrefu na mkimya. Alisomba ndizi na kahawa za watu kwa pikapu yake, nyeupe kwa jina tu, kutoka Kanazi kwenda Kemondo na Bukoba mjini. Alizungumza na gari lake, na ng'ombe, na redio. Kwetu sisi watoto, yaani mimi na wanawe wawili wadogo, alisema yale ya lazima. Nilimwita tata, kama tunavyowaita baba na ndugu za baba kwa Kihaya, lakini kila nilipolitamka jina hilo nilisikia kama nimeliazima. Ujanani aliwahi kushindana kwa baiskeli mpaka goti lilipomharibikia. Hilo nilikuja kuambiwa na mama mdogo Dorkasi, mkewe. Mwenyewe hakulisema.

Siku moja alinituma Kemondo kwa baiskeli nikamletee nati za gurudumu. Niliporudi alikuwa bado ameshika kikombe kile kile cha chai alichokuwa nacho nilipoondoka. Akakitua.

"Umepita wapi?"

"Barabarani, tata."

"Kilima umesukuma?"

"Hapana. Nimepanda nayo."

Akainama akashika tairi, likiwa bado la moto, kisha akanitazama miguu kama mtu anayetazama ndama aliyeletewa anunue. Nikafikiri nimevunja kitu.

Wiki iliyofuata baiskeli ilikwenda kwa fundi ikarudi imevuliwa kila kitu. Haikuwa na keria, wala madigadi, wala stendi, na nyuma ilikuwa imefungwa fliwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, yenye meno machache ili kila mzunguko wa pedali uivute mbali zaidi. Baba mdogo akamwambia mkewe mbele yangu kwamba Muleba kutakuwa na mashindano ya wasichana. "Huyu anaweza," akasema, akaenda kuwasha gari. Niseme mapema kwamba medali sikuwahi kuipata, asije mtu akasoma mpaka mwisho akiitafuta.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajapakia mizigo. Alinieleza mara moja tu. Mtu akiendesha peke yake, upepo humsukuma kifuani na kumla nguvu. Akikaa nyuma ya gari, gari humkatia upepo, na miguu huzoea mwendo ambao isingeufikia yenyewe. "Miguu yako haijui kwamba inaweza," alisema. "Lazima ionyeshwe." Kisha masharti. Kati ya gurudumu langu na bampa lake kuwe na urefu wa kitanda. Asingefunga breki ghafla hata iweje. Akitaka kupunguza, angetoa mkono dirishani na kuupungia nyuma. "Na usitazame tairi langu. Ukilitazama utalifuata. Tazama kioo."

Asiyewahi kukaa pale nyuma hawezi kujua palivyo. Jambo la kwanza ni ukimya. Upepo uliokuwa unavuma masikioni unakatika ghafla, kama mtu amefunga mlango, na unabaki na mlio wa cheni yako na mnyororo wa bodi unaogonga bati. Jambo la pili ni kwamba huoni kitu. Barabara yote imekuwa bati jeupe lenye matope na majani makavu ya migomba yaliyonasa kwenye bawaba. Mashimo hayaji kutoka mbele, yanatokea chini ya bampa, tayari yako miguuni pako. Unaendesha kwa kumwamini mtu ambaye huoni anachokiona.

Nami sikumwamini, kwa sababu ya kile kioo. Kupitia dirisha la nyuma la kibini niliona kioo chake cha kuangalia nyuma, na ndani ya kioo macho yake mawili tu, bila pua wala mdomo. Yalikuwa yamekazwa, yamefinywa, yanarudi kwangu kila baada ya sekunde chache. Nilijua ni hasira. Mtu mzima anayekukazia macho namna ile, kwa nilivyoelewa dunia wakati huo, amekukasirikia. Nikawa nazidisha mwendo ili yatulie, na kadiri nilivyozidisha ndivyo yalivyozidi kukaza.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilikuwa nakwenda chooni mara tatu. Asubuhi mikono ilikuwa baridi hata ikishika kikombe cha uji. Lakini sikusema kwamba naogopa. Mtoto anayeishi kwenye nyumba ambayo aliletwa kwa muda hujifunza kutokuwa tatizo. Nilifikiri baiskeli ndiyo sababu ya mimi kuendelea kupewa sahani pale.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi. Ilikuwa jioni, mama mdogo anapika ndizi na maharage, mimi niko nyuma ya jiko nasugua masufuria kwa majivu. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umebanduka sehemu nyingi. Baba mdogo akaingia, nikasikia kigoda kinavutwa.

"Jumamosi hii nitamwacha," akasema.

"Wapi?"

"Muhutwe. Tukishapita senta."

"Elieza! Si mapema? Bado mtoto yule."

"Nisipomwacha sasa atazoea kuning'ang'ania. Nimeshaongea na mwalimu wa Muleba. Atampokea pale mbele ya kanisa."

"Na mwenyewe umemwambia?"

"Sijamwambia. Nikimwambia ataogopa. Ataona tu nimeondoka."

Nikasikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria. "Waitu," mama mdogo akasema, ile sauti ya Kihaya ya kumwonea mtu huruma. "Basi nitamfungia nguo."

Sufuria niliyokuwa nayo mikononi niliisugua mpaka giza likaingia. Mbele ya macho yangu kila kitu kilikuwa wazi. Msichana mmoja wa darasa letu alikuwa ametolewa hivyo hivyo, akapelekwa kwa mwalimu mjini akalee mtoto, na dawati lake likakaliwa na mwingine. Tena kwao ilikuwa afadhali, maana walimwambia. Mimi nilikuwa naachwa barabarani kama paka anayepelekwa mbali kwenye gunia asijue njia ya kurudi.

Ijumaa niliteka maji safari sita bila kutumwa. Nilifagia uwanja, nikafagia na njia ya kwenda kwenye kibanja, shamba letu la migomba, nikakata majani ya ng'ombe mpaka zizi likajaa. Mama mdogo akanitazama akacheka. "Kemi, pumzika. Kesho una safari ndefu." Jioni nikaona mfuko juu ya kabati. Ndani yake kulikuwa na taulo, sabuni, kandambili na gauni langu la Jumapili. Nililipapasa lile gauni nikiwa nimesimama kwenye stuli, nikapata wazo ambalo kwa akili ya miaka kumi na miwili lilikuwa kamili. Mtu haachwi mpaka abaki nyuma. Kama nisingebaki nyuma, hata kwa urefu wa mkono, asingeweza kuniacha.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Tulishuka kuelekea Kemondo, ziwa likiwa upande wa kushoto, na siku nyingine ningelitupia jicho. Siku hiyo sikutazama. Niliingia nyuma ya bodi mpaka gurudumu langu la mbele likawa karibu kuingia chini ya bampa. Ningeweza kuligusa bati kwa kidole. Joto la moshi lilinipiga kwenye goti la kulia. Macho yalitokea kwenye kioo, yakapotea, yakarudi. Kisha mkono ukatoka dirishani, kiganja kikisukuma hewa nyuma, nyuma, nyuma, kama mtu anavyomfukuza mbwa wa jirani.

Ndiyo ameanza, nikajiambia. Na bado hata Muhutwe hatujafika.

Alizidisha mwendo. Mimi nikazidisha. Leo, nikiwa dereva, najua alichokuwa anafanya. Kwa jinsi nilivyokaa asingeweza kugusa breki, hata kidogo, kwa hiyo alitafuta nafasi kwa kwenda mbele. Kila alipoipata mita moja, mimi niliimeza. Tulikuwa watu wawili walioogopa kitu tofauti, na kila mmoja alikuwa anaongeza hofu ya mwenzake. Tulipita senta ya Muhutwe hivyo. Nilisikia mtu anapiga kelele pembeni, sikujua ni ya kushangilia au ya kuonya. Miguu haikuwa yangu tena, ilikuwa inazungushwa na pedali. Machozi yalikuwa yanashuka mashavuni. Nilikuwa nasema kwa sauti, naikumbuka sauti yangu mwenyewe pale kwenye ule ukimya: "Usiniache, tata. Usiniache."

Baada ya senta kuna mahali barabara inateremka. Mkono ukatoka tena, safari hii haukusukuma bali ulitikisika ovyo. Honi ikalia, ndefu, haikukatika. Kisha bati jeupe likaondoka mbele yangu. Halikupunguza mwendo wala halikuwasha taa za breki. Lilikata kushoto tu, kama mtu aliyebadili mawazo katikati ya sentensi, na mahali lilipokuwa pakawa pana barabara, mwanga, upepo wote wa dunia, na mbuzi.

Sijui walikuwa wangapi. Nilipita katikati yao bila kushika breki kwa sababu vidole havikukumbuka breki iko wapi. Ubavu wa mbuzi mmoja ulinisugua goti, nikaona jicho lake la manjano, halafu nikawa nimeshavuka, niko wima. Nyuma yangu migomba ilikuwa inavunjika kwa sauti ya nguo mbichi inayochanwa.

Na sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikusimama. Wazo langu la kwanza halikuwa kwamba ameumia. Lilikuwa: ameniacha. Nikaendelea kupiga pedali kuelekea Muleba, nikilia, namfukuza mtu ambaye alikuwa nyuma yangu. Sijui ilikuwa muda gani. Barabara ilinyooka mbele yangu, tupu, hakuna gari la kulifuata popote, na ule utupu ndio ulionisimamisha. Nikageuza.

Pikapu ilikuwa ndani ya kibanja cha mtu, pua imezama kwenye migomba, gurudumu moja la nyuma linazunguka hewani polepole. Mama mwenye mbuzi alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mikono kichwani. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti kwenye majani, mgongo kwangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia vibaya. Kwa ule wa kulia alikuwa anafukua majani na kuchungulia chini ya gari.

"Mtoto yuko wapi?" alikuwa anauliza. "Mama, umemwona mtoto? Alikuwa hapa nyuma yangu. Kemi! Kemi we!"

Alikuwa ananitafuta chini ya magurudumu.

"Tata," nikasema. "Niko hapa."

Akageuka. Damu ilikuwa inamtoka kwenye nyusi, lakini niliona macho, yale yale ya kwenye kioo, yamekazwa na kufinywa vile vile, na sasa yalikuwa na uso mzima kuyazunguka. Midomo ilikuwa inatetemeka. Haikuwa hasira. Jumamosi zote zile haikuwa hasira.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Simama vizuri nikuone. Geuka. Geuka tena." Akanitazama mpaka visigino. Ndipo sauti ikampanda. "Kwa nini hukurudi nyuma? Nimekupungia mkono tangu Kemondo! Breki moja tu, Kemi, breki moja ningekuua. Unanielewa? Ningekuua mimi mwenyewe."

"Ulisema utaniacha."

"Nini?"

"Jikoni. Ulisema tukipita Muhutwe utaniacha, na mwalimu wa Muleba atanipokea. Na mama mdogo amenifungia gauni la Jumapili."

Mama mwenye mbuzi alishusha mikono yake kutoka kichwani. Baba mdogo akakaa chini kabisa, kwenye matope. Kisha akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anayehesabu maneno yasipungue. Kwamba kwa waendesha baiskeli kumwacha mtu ni gari kukimbia mbele, mwenye baiskeli abaki na upepo, ajaribu kuushika mwendo ule peke yake. Kwamba mwalimu alikuwa rafiki yake wa zamani wa mashindano, na angesimama mbele ya kanisa na saa mkononi aone nimetumia dakika ngapi. Kwamba baadaye tungekula kwa mwalimu.

"Na gauni?" nikauliza.

"Gauni lilikuwa la kulia chakula," akasema. "Mama yako mdogo hakutaka uende mezani kwa watu na matope."

Akanivuta kwa ule mkono mzima, akanibana kichwa ubavuni mwake, mahali palipokuwa na harufu ya dizeli na utomvu wa migomba. Nilihisi moyo wake unavyopiga. "Wewe ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Nikuache, niende wapi?"

Mkono ulifungwa plasta. Pikapu ikavutwa hadi gereji ikakaa huko. Mama mdogo kwa siku nne alizungumza na mumewe kwa kupitia watoto, "mwambieni baba yenu chakula tayari," na mimi nililala fofofo kama ambavyo sikuwahi kulala katika nyumba ile. Lakini habari husafiri, na hii ilifika Kimwani ikiwa imenenepa. Huko ilifika kwamba nimekanyagwa.

Alhamisi iliyofuata mama alikuja. Niliporudi kutoka shuleni nikamkuta sebuleni, ameketi ukingoni mwa kiti, mfuko wa mchele miguuni pake. Aliniangalia mikono, miguu, akanishika taya akageuza uso wangu huku na huku. Kisha akamwambia baba mdogo, bila kumtazama, "Nimekuja kumchukua. Sikumleta kwenu aje afe barabarani."

"Una haki ya kusema hivyo," baba mdogo akajibu. "Kosa ni langu, na sina neno la kujitetea. Ila mtoto ni mkubwa sasa. Aulizwe mwenyewe."

Wote watatu, mama mdogo naye akiwa mlangoni, wakanigeukia. Miaka mitatu nilikuwa nimelitunza jibu la swali hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani, kisimani, chini ya blanketi, na jibu lilikuwa ndiyo, nitakwenda naye. Nikafungua mdomo, na hofu ikanishika kuliko ile ya nyuma ya bati. Niliona wazi kwamba nikisema kitu kingine chochote mama atainuka, atachukua mfuko wake, atawahi gari, na safari hii hatakuwa na sababu ya kurudi. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatazama sakafu, kwa makusudi, ili macho yake yasinisukume popote.

"Jumamosi nina mazoezi," nikasema.

"Mazoezi gani?" mama mdogo akaruka. "Gari liko gereji, mwalimu wako huyu ana plasta mpaka begani!"

"Ya peke yangu. Mpaka Muhutwe na kurudi."

Mama alinitazama kwa muda mrefu, kama anatafuta mahali pa kunishika na hapaoni. Kisha akainama kuelekea kwenye mfuko, na mimi nikafumba macho, nikasubiri kusikia kiti kinasukumwa.

Nilipofumbua alikuwa anavua viatu. Alivua cha kwanza, akavua cha pili, akavisukuma vyote chini ya kiti.

"Hayo mazoezi," akauliza, "yanaanza saa ngapi?"